MANENO TULIYOYAONA BILA KUYASIKIA
(Somo la kusoma Kifaransa kwa sauti)



Katika namba hii ukurasa wa masomo umewekwa mikononi mwetu sisi kapita wa shule. Tumechagua habari ambayo kila mwanafunzi anaijua, lakini watu hawaizungumzi: yale maneno ya Kifaransa tunayoyasoma mara mingi vitabuni, maana yake tunaijua, katika rédaction tunayaandika bila kosa, lakini siku ya kuyasema kwa kinywa mbele ya watu yanatoka namna ingine. Kalasi inacheka. Aliyesoma anakaa chini. Na yule wa nyuma aliyetaka kunyoosha mkono anaurudisha chini ya meza.

Jambo hili si dogo. Katika Katiba ya mwaka 2006 Kifaransa ni luga ya Leta, na Kiswahili ni moja kati ya luga ine za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Masomo yetu karibu yote ni ya Kifaransa. Tena Examen d'État, mtihani ambao inchi yetu inaufanya tangu mwaka 1967, una sehemu ya oral ya Kifaransa. Pale hakuna karatasi ya kukuficha. Mtu aliyenyamaza miaka yote juu ya kuogopa kicheko, siku ile ataanzia wapi kusema?

Basi tuangalie kwanza juu ya nini kosa hili linatokea, kisha kanuni za kushika, na mwishoni namna ya kusaidiana.

1. MILANGO MIWILI

Neno la kigeni linaingia kwetu kwa mlango wa sikio ama kwa mlango wa jicho.

Maneno ya sikio njo yale ambayo wazee waliyapata kazini, sokoni na barabarani, bila kuona karatasi. Walisikia bureau, wakasema biro. Walisikia commune, wakasema komine. Walisikia musique, wakasema miziki. Angalieni vizuri: pahali Mfaransa anaposema ile u yake ya kukaza midomo kama mtu anayepiga mluzi, wazee waliweka i, kwa sababu sikio la Kiswahili linaisikia karibu na i. Walisikia pia l'État, wakafikiri ile l ni sehemu ya jina, wakasema Leta. Hata divai tunayoisoma katika arusi ya Kana, Yohana sura ya 2, ni Kifaransa du vin: ile du ndogo imeshikamana na jina, na sasa hakuna anayeweza kuziachanisha. Maneno haya hakuna anayeyacheka. Yamekuwa yetu.

Maneno ya jicho ni habari ingine. Estomac, sculpture, solennel, faon: maneno ya namna hii tulikutana nayo katika kitabu, usiku, saa ya étude, peke yetu. Katika soko la Bukavu ao la Lubumbashi hakuna mama anayeuza nyanya akisema faon, maana faon ni mtoto wa mnyama wa porini wa jamaa ya kulungu. Neno kama hilo linatufikia kama barua isiyo na mtu wa kuisoma. Jicho linalipokea, akili inaelewa maana yake, na ulimi unabaki kufanya kazi yake peke yake. Na ulimi unafanya nini? Unafuata sheria uliyoizoea tangu utoto.

2. SHERIA MBILI ZA KUSOMA

Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, anaweza kusoma hata jina la kijiji asichokijua, na wenyeji watamwelewa. Herufi ikiandikwa, inasemwa. Ikiwa haisemwi, haiandikwi.

Mtoto yule yule akifungua kitabu cha Kifaransa na kuona tabac, anasema «tabaki». Akiona sculpture anaigonga ile p. Akiona faon anasema «fa-oni». Je, amekosa akili? Hapana. Amefuata sheria vizuri sana, lakini ni sheria ya nyumba ya jirani. Tena tufikiri zaidi: mtu asiyefungua kitabu hata siku moja hawezi kamwe kusema «fa-oni». Kosa hili ni alama ya mtu aliyesoma. Ni lazima tulisahihishe, lakini tusilihesabu kuwa ujinga.

Katika masomo ya Waprotestanti jambo hili lina mzizi wa zamani. Wamisionari wengi waliofungua masomo yetu walitoka Uingereza, Marekani na Sweden. Kifaransa haikuwa luga ya mama zao. Nao walijifunza, na walifundisha sana kwa luga za wenyeji. Leta ya Wabelgiji ilikuwa inasaidia masomo ya misioni za Kikatoliki za Kibelgiji, na masomo ya Waprotestanti yaliingizwa katika msaada ule kwa kanuni za mwaka 1948 tu. Kwa hiyo babu zetu wengi walipata Kifaransa kwa kitabu kwanza, na sauti ilifika nyuma. Njia tunayopita sisi leo, wao walitangulia kuipita.

3. HERUFI BUBU ZILITOKA WAPI?

Wengine wanafikiri herufi zisizosemwa ziliwekwa kwa kututesa sisi Waafrika. Sivyo. Zilianza kuwatesa Wafaransa wenyewe.

Kifaransa ni mtoto wa Kilatini. Kilatini kilisema tempus, corpus, digitus, septem. Miaka mingi ikapita, vinywa vikapunguza sauti, na Wafaransa wa zamani wakaandika karibu na walivyosema: tens, cors, doit, set. Baadaye wasomi na waandishi wa mahakama waliopenda sana Kilatini wakarudisha herufi za zamani kwenye karatasi: temps, corps, doigt, sept. Karatasi ikabadilika, kinywa hakikufuata. Na mara ingine wasomi wenyewe walipotea. Zamani waliandika pois, maana yake uzito. Walifikiri neno linatoka katika Kilatini pondus, wakaongeza d: poids. Kumbe linatoka katika pensum, ambamo hakuna d. Ile d tunayoiandika leo katika poids ni kosa la wenye elimu, na sisi tukiisahau tunakatwa point!

Akademi ya Ufaransa iliundwa mwaka 1635, na kamusi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1694. Katika kazi ya kutayarisha kamusi ile, mwaka 1673, mwandishi mmoja wa Akademi, Mézeray, aliandika wazi kwamba wao wanapenda maandiko ya zamani kwa sababu yanatenga watu wa elimu na wajinga, na tena na wanawake wasio na masomo. Ndugu, tushike neno hili. Herufi hizi tangu zamani zilipendwa kwa kazi ya kutenga watu. Tukizitumia leo katika kalasi kwa kumfedhehesha mwenzetu, tunaendesha kazi ile ile.

Na Wafaransa wenyewe wanakosea kama sisi. Neno gageure linasemwa «gajur», lakini wengi kwao walilijua kwa kusoma tu, wakasema «gajer». Mwaka 1990 baraza la luga la Ufaransa lilitoa mashauri ya kurekebisha maandiko, yakatangazwa katika Journal officiel ya tarehe 6 Desemba 1990. Yanaruhusu kuandika gageüre, kusudi u isikike, na ognon pahali pa oignon, kwa sababu ile i haisemwi: ni «onyon». Tena neno cheptel (mifugo) zamani lilisemwa bila p, «shetel». Watu walilisoma, wakaisema p, na leo «sheptel» njo sawa. Ni kusema kosa la wasomaji limekuwa sheria.

4. KANUNI ZA KUSHIKA

Tutaandika matamshi kwa herufi za Kiswahili kati ya alama « ». Ni kwa kukaribia tu. Pale tunapoweka n mwishoni mwa silabi, sauti ipite puani, usiigonge n kwa ulimi. Na u ya Kifaransa uiseme kwa midomo ya kupiga mluzi.

Ya kwanza: konsonanti ya mwisho.
Mara mingi d, p, s, t, x na z mwishoni hazisemwi: grand, trop, repas, petit, voix, riz. Lakini c, f, l na r mara mingi zinasemwa: sac, chef, sel, mer. Wako waasi wa kukumbuka: tabac «taba», estomac «estoma», banc «ban», porc «por», nerf «ner», outil «uti» (hapa ou ni u yetu ya Kiswahili), fusil «fuzi», sourcil «sursi». Na vitendo vya mwisho -er, kama parler na manger, vinaishia na «e». Mfano wa kwetu nyumbani: Nord-Kivu inasemwa bila d, «nor», lakini Sud-Kivu inasemwa na d yake, «sud».

Ya pili: p ya katikati.
P iko pale lakini haisemwi katika baptême «batem», baptiste «batist», compte, compter «konte», sept «set», sculpture «skultur». Kiswahili kinatusaidia: sisi tunasema ubatizo, na hakuna p. Lakini p inasemwa katika septembre, septante, psaume na psychologie. Anayesema «some» kwa psaume amekosa sawasawa na anayesema «baptem».

Ya tatu: ch.
Mara mingi ni «sh»: chapeau, chirurgien, architecte, archevêque. Lakini katika maneno mingi yaliyotoka Kigiriki ni «k»: chrétien, chorale, orchestre, écho, choléra, archange. Chœur (kundi la waimbaji) na cœur (moyo) yanasikika sawa kabisa. Hapa pia Kiswahili ni shahidi: Kristo, kolera, kwaya. Hata majina ya manabii: Ezekieli, Ézéchiel «ezekiel», Zakaria, Zacharie «zakari». Lakini mjihazari, shahidi huyu si wa kila siku. Malaki kwa Kifaransa ni Malachie «malashi», na chimie ni «shimi».

Ya ine: e inayosemwa a.
Femme «fam», solennel «solanel». Tena maneno yote ya -emment yanayotoka katika maneno ya -ent: prudent, prudemment «prudaman», évident, évidemment «evidaman», récent, récemment «resaman». Lakini lentement inabaki na e yake, maana haina mm.

Ya tano: ill.
Fille, famille, vanille zina sauti ya y: «fiy, famiy, vaniy». Lakini ville, mille, tranquille na watoto wao, village na million, zina sauti ya l. Anayeomba kalasi ikae «trankiy» anaomba vizuri, lakini anasema vibaya: ni «trankil».

Ya sita: x.
X ina sauti ine. Ni «ks» katika taxe, «gz» katika examen «egzamen» (mwisho puani), «z» katika deuxième na sixième, na «s» katika soixante na Bruxelles. Wabelgiji wenyewe wanasema «Brusel», hawasemi «Bruksel».

Ya saba: mwisho wa wengi.
Kitendo cha ils ama elles kikiishia na -ent, mwisho huo haisemwi: ils parlent inasikika kama il parle. Basi, katika «les députés résident à Kinshasa» tunasema «rezid», lakini un résident ni «rezidan». Macho hayaoni tofauti yoyote. Ni lazima kujua kwanza kama neno ni kitendo ao jina. Tena un œuf inasikika f, lakini des œufs f inapotea. Vilevile un bœuf na des bœufs. Un os ina s ya kusikika. Des os inabaki «o» tu.

5. KOSA LA UPANDE WA PILI

Yuko mwanafunzi ambaye, akishachekwa mara moja juu ya «tabaki», anaapa kwamba tangu leo atanyamazisha kila herufi ya mwisho. Sasa anaangukia shimo lingine. Maïs anasema «mai», kumbe ni «ma-is». Sud anasema «su». Hélas, virus, autobus, ouest, net: yote haya yana konsonanti ya kusikika. La dot, mahari, inasemwa «dot» na t yake. Ukisema «do» umesema dos, mgongo. Basi familia ya msichana watasikia kwamba mwana wao ameletewa mgongo!

Vilevile gn. Katika montagne ni «ny», lakini katika diagnostic g na n kila moja inasemwa kwake. Na mwisho -en: examen inapita puani, lakini spécimen na abdomen zinagonga n.

Tena iko ile h. Haisikiki hata siku moja, lakini mara ingine inakataza maneno mawili kushikana. Tunasema les hommes «lezom», lakini les héros tunasema «le ero», bila z katikati. Anayeweka z pale anasema les zéros, na mashujaa wa taifa wanakuwa sifuri. Les haricots vilevile: «le ariko».

Hii inatufundisha nini? Kwamba kanuni zinasaidia, lakini hazitoshi. Yuko mtu anayecheka «tabaki» leo, na kesho atasema «mai» kwa maïs bila kujua. Katika Kifaransa hakuna anayeweza kujua matamshi ya kila neno kwa kuliangalia tu, hata aliyezaliwa Paris. Ni lazima amelisikia kwa mtu.

6. NAMNA YA KUJIFUNZA

Kwanza, fungueni kamusi, na msiangalie maana peke yake. Nyuma ya neno, kati ya mabano, kamusi mingine zinaweka alama za matamshi. Le Petit Robert inaziweka kwa kila neno. Larousse ndogo inaziweka kwa maneno magumu. Alama zile zinaonekana kama wadudu, lakini ni kidogo kuliko mnavyofikiri, na orodha yake iko katika kurasa za mwanzo. Jioni mbili zinatosha kuzishika.

Pili, kila mmoja awe na kaye ndogo ya mistari mitatu ya kusimama. Katika mstari wa kwanza neno lilivyoandikwa, wa pili linavyosikika kwa herufi za Kiswahili, wa tatu jina la aliyekusomea ama pahali ulipolisikia. Mstari wa tatu njo wa maana zaidi. Ukibaki mtupu, ujue kwamba neno lile bado hujalisikia, hata kama umeliona mara mia.

Tatu, radio. Wakati habari zinasomwa kwa Kifaransa, kaeni karibu na kalamu. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, ilizoeza watu wengi kusikia habari moja kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia. Ukisikia habari kwa Kiswahili kwanza, maana unaishika. Kisha ukiisikia kwa Kifaransa, sikio linapata nafasi ya kushika sauti. Maneno kama choléra, août, septembre ao compte mtayasikia bila kuchoka.

Ine, kusoma wawili wawili. Saa ya étude ikiisha, mmoja asome ukurasa mmoja kwa sauti, mwenzake afuate kwa kidole na aweke alama ya kalamu chini ya kila neno lenye mashaka. Asimkate katikati. Ukurasa ukiisha njo wanaangalia pamoja. Yanayowashinda wote wawili waandike kwenye karatasi moja, kesho wamuulize Bwana Mwalimu mbele ya somo kuanza. Mwalimu hachukii ulizo la namna hii. Anafurahi.

7. JUU YA KICHEKO

Sasa tufike kwenye neno gumu. Tutalisema kwa upendo, lakini tutalisema.

Katika trimesta ya kwanza ya mwaka huu mdogo wetu mmoja wa kalasi za chini aliitwa kusoma. Ni msichana aliyetoka mbali, mwenye rédaction nzuri kuliko wenzake wote. Katika kipande kile mlikuwa faon. Alisema alivyoona. Kalasi nzima ikapiga kelele, na tangu siku ile, njiani kwenda kuchota maji, kwenye mstari wa chakula, hata mbele ya kanisa, walimwita «Fa-oni». Hakujibu. Hakulia mbele ya watu. Ila aliacha kunyoosha mkono. Mwalimu akiuliza, na jibu analo katika kaye yake, anaangalia chini. Tulipomwuliza kwa upole, «Mdogo, juu ya nini unanyamaza?», alijibu: «Yaya, maneno ninayoyajua ni mingi, lakini sijui ni gani itanichekesha tena.»

Wapendwa, jibu lile lituingie. Huyu si mtu asiyejua. Ni mtu anayejua na ameogopa ujuzi wake mwenyewe. Ikiwa hali ile itabaki mpaka kalasi ya mwisho, atafika mbele ya watahini wa oral akiwa na maneno mingi kichwani na kinywa kilichofungwa. Nani alikifunga? Si ile o ya faon.

Katika kitabu cha Waamuzi sura ya 12 iko habari ya watu wa Gileadi na watu wa Efraimu. Wagileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka waliamuru aseme Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuisema ile sh, alisema Sibolethi, na kwa neno lile moja aliuawa. Maandiko yanahesabu watu 42.000 walioanguka wakati ule. Wote walikuwa wana wa Israeli, ndugu kwa ndugu. Sisi hatuui mtu kwa upanga. Lakini kukaa kwenye mlango wa kalasi na kupima kila anayeingia kwa neno moja, hiyo ni kazi ya kivuko cha Yordani.

Hatusemi makosa yaachwe. Kumwacha mwenzako aseme vibaya mpaka siku ya mtihani si upendo, ni uvivu. Tunasema yasahihishwe kwa njia ya kumjenga. Kwa hiyo, pamoja na makapita wa kalasi, tunaomba mambo manne yafuatwe katika saa ya kusoma:

a) Anayesoma asikatwe mpaka mwisho wa kipande chake.
b) Kusahihisha ni kurudilia neno lile kwa matamshi ya sawa, mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila maneno mengine.
c) Atakayecheka atasimama asome kipande kinachofuata. Si azabu. Ni nafasi ya kutuonyesha njia.
d) Hakuna jina la mzaha linalotoka katika kosa la kusoma. Wenye kuitana hivyo waache leo.

Na wewe mdogo uliyenyamaza, tunakuomba neno moja tu: wiki hii soma mstari mmoja kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Wiki ijayo mistari miwili mbele ya watu wawili. Neno faon linasemwa «fan», mwisho puani. Vilevile paon «pan», tausi, na taon «tan», yule inzi mkubwa anayeuma ng'ombe. Sasa uko na maneno matatu ambayo wakubwa wako wengi hawawezi kuyasema.

8. ZOEZI

Someni kipande hiki kwa sauti, wawili wawili, mbele ya kuangalia majibu.

«Le sculpteur, baptisé en septembre, avait mal à l'estomac. Sa femme compta prudemment soixante œufs et un sac de maïs. Le chœur de la ville chanta un psaume solennel. Les héros du Nord et du Sud restèrent tranquilles.»

MAJIBU

P haisemwi katika sculpteur, baptisé na compta. Inasemwa katika septembre na psaume. C haisemwi katika estomac. Inasemwa katika sac. Femme ni «fam». Prudemment ni «prudaman». Solennel ni «solanel». X ya soixante ni «s». Œufs haina f. Maïs ina s. Ch ya chœur ni «k». Ville na tranquilles zina l. Les héros haina z katikati. Nord haina d, Sud ina d. Restèrent inaishia na «r».

Aliyepata yote amsomee mwenzake. Aliyekosa tano ao zaidi asihuzunike, aandike zile tano katika kaye yake, mstari wa kwanza na wa pili, na katika mstari wa tatu aandike jina la rafiki aliyemsomea.

Maulizo yenu juu ya somo hili yaleteni kwa makapita wa kalasi mbele ya siku ya Posho. Katika namba itakayofuata tutajibu yale yaliyoulizwa na wengi.